Hodi ya Usiku

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitafakari pamoja katika kurasa hizi si geni. Mtu anapoikimbia nchi yake kwa sababu amesema kweli na watawala wanataka kumtia ndani, sisi wengine hupenda kuulizana: je, alifanya vyema kuondoka, au alipaswa kubaki na kuteseka pamoja na wenzake? Nimelisikia swali hili likibishaniwa katika ofisi za walimu, vilabuni, na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Mimi nami nimelibishania, tena kwa sauti kubwa. Lakini kwa miaka zaidi ya arobaini sasa nimeishi na swali jingine, ambalo linanihusu mimi kuliko linavyomhusu huyo aliyekimbia. Nalo ni hili: aliyefunguliwa mlango alifunguliwa na nani, na aliyefungiwa alifungiwa na nani?

Makazi yangu ni Oldonyo Sambu, kwenye miteremko ya Mlima Meru inayoelekea nyika, ambako mvua ni chache na upepo hauna adabu. Barabara kuu itokayo Arusha kwenda Longido hadi Namanga inapita papa hapa, na sisi wenyeji tumezoea kuona kila kitu kikipita: ng'ombe wa mnada, malori ya shehena, watalii, wanajeshi na wafanyabiashara wa mahindi na maharage. Lakini kati ya mwaka 1977 na mwaka 1983 barabara hii ilikuwa kama mto uliozibwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, serikali yetu ilikuwa imeufunga mpaka wa Kenya, na Namanga, ambako watu wa ukoo mmoja wa Kimaasai wanaishi huku na huku, pakawa mahali pa kunong'ona. Vitu vilivuka kwa njia za panya. Watu nao walivuka.

Agosti 1, 1982, siku ya Jumapili, baadhi ya askari wa Jeshi la Anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Jaribio lile lilishindwa. Tulizipata habari kwa redio, na baadaye tukasikia kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi kimefungwa na kwamba wanafunzi wanasakwa. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa nimeoa mwaka uliotangulia, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa hajaanza kutambaa. Sabuni, sukari na mafuta ya taa vilikuwa bidhaa adimu. Mgeni akilala kwako, ilikubidi umtaarifu balozi wa nyumba kumi, maana kila uso usiojulikana ulidhaniwa kuwa wa mlanguzi au wa jasusi.

Usiku mmoja, mwishoni mwa mwezi huo, nilisikia hodi. Ilikuwa hodi ya mtu anayeogopa kusikiwa na jirani. Nikauliza ni nani.

"Ni mgeni, mwalimu. Nimeelekezwa kwako."

Nilifungua mlango kwa upana wa kiganja. Alikuwa kijana mwembamba, viatu vimefumuka, amejifunika shuka la Kimaasai juu ya koti la mjini. Mchungaji mmoja wa ng'ombe ndiye aliyemvusha, akamwambia kwamba akifika Oldonyo Sambu aulize nyumba ya mwalimu, kwa kuwa mwalimu ni mtu anayeelewa. Alisema ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Hakutaja jina lake, nami sikumwuliza, kwani sote wawili tulijua kuwa jina lingekuwa mzigo.

Mke wangu akampashia loshoro iliyobaki. Alikula polepole, kwa adabu ya mtu mwenye njaa kali asiyetaka kuonekana hivyo. Kisha akaniambia, "Mwalimu, naomba siku tatu tu, miguu ipate nguvu. Halafu nitateremka Dar es Salaam, pale chuo kikuu. Nasikia kuna watu wa kwetu."

Nilimjibu kwamba itabidi aondoke alfajiri. "Nina mtoto mchanga," nikamwambia, "na balozi wetu hana mzaha."

Hakunibishia. Alisema tu, "Sawa, mwalimu. Nimekuelewa."

Ndugu msomaji, nimetukanwa mara nyingi katika maisha yangu na nimesahau. Lile neno "nimekuelewa" sijalisahau hata leo.

Alilala jikoni, karibu na mafiga. Alfajiri nilimsindikiza hadi mwisho wa shamba letu la mahindi, nikamwonyesha kwa kidole upande wa Arusha. Nauli nilikuwa nayo, sikumpa. Kalamu na karatasi nilikuwa navyo, wala sikumwandikia barua ya kumtambulisha kwa mtu yeyote. Yeye ndiye aliyenipa kitu. Alitoa katika mfuko wa koti kitabu kidogo kilichokunjamana, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Huyu mlimpokea," akasema. "Asante kwa usiku huu." Kisha akaenda zake.

Siku ile nilingoja mgambo waje kuuliza. Hawakuja. Hawakuja kesho yake wala wiki iliyofuata. Hakuna aliyeuliza lolote.

Kitabu kile kilikuwa Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla. Jina hilo nilikuwa nimelisikia, lakini habari zake sikuzijua, na ilinibidi nizitafute ili nielewe maana ya maneno "huyu mlimpokea". Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili tu, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, akaishutumu serikali ya Mzee Jomo Kenyatta kwa namna ilivyokuwa ikikikandamiza chama cha upinzani cha KPU. Alikamatwa, akahukumiwa, akakaa gerezani miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972. Humo alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na ndiyo yaliyotolewa kuwa kitabu mwaka 1973. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani kwa jina la rais yule yule ambaye utawala wake ulimfunga mtungaji. Dunia ina vituko vyake.

Lakini hapa nataka kuzungumzia kilichotokea alipofunguliwa. Alivuka kuja kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimpa kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, naye akaifanya hadi mwaka 1979, alipokwenda London kujiunga na Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Naam, nchi yangu ilimpokea. Mtu fulani ofisini alitia sahihi. Mwingine alimtafutia chumba. Na wengine, nina hakika, walimkaribisha chakula. Kwa hiyo yule kijana aliponiambia "huyu mlimpokea", hakuwa akinisuta. Alikuwa akinieleza kwa nini alikuwa amethubutu kubisha hodi.

Tangu hapo nikaanza kuyafuatilia maisha ya waandishi waliofukuzwa kwao. Aliye karibu nasi zaidi ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Desemba 31, 1977, baada ya mchezo alioutunga na Ngũgĩ wa Mirii kuchezwa na wanakijiji wa Kamirithu kwa lugha yao ya Kikuyu, aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, akakaa Kamiti karibu mwaka mzima. Naye aliandika riwaya yake humo kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1982 alikuwa London kwa shughuli ya kitabu hicho alipoonywa kwamba akirudi atakamatwa. Hakurudi. Mwenzake, Micere Githae Mugo, alikimbia mwaka huo huo, akanyang'anywa uraia wa Kenya, na Zimbabwe ikampa wa kwake. Ngũgĩ alirudi kutembelea nyumbani Agosti 2004, baada ya miaka ishirini na miwili, na katika siku zile zile za kukaribishwa kwa shangwe yeye na mkewe wakavamiwa na watu wenye silaha katika makazi waliyofikia Nairobi. Alifariki Marekani mwezi Mei 2025.

Nilipokuwa bado nafundisha, mwalimu mwenzangu mmoja alipenda kusema kwamba Ngũgĩ anapiga kelele akiwa mbali na ameshiba, huku waliobaki Kenya wakila virungu. Nilikuwa nikimuunga mkono. Leo natambua sababu yake. Mtu aliyemwondoa mgeni alfajiri hupata nafuu kubwa akiambiwa kwamba wageni wa namna hiyo ni waoga. Nilikuwa nikimhukumu Ngũgĩ ili nisijihukumu mwenyewe.

Abdilatif naye hakuishia London. Kuanzia mwaka 1995 hadi 2011 alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Habari hiyo ilinishangaza. Kwa wazee wa mlima huu, Mjerumani ni yule wa boma na kiboko. Machi 1900, pale Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Na boma lao la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, lingali limesimama. Sasa nchi ile ile inampa hifadhi na kazi mshairi wa Kiswahili? Nikaona nisome historia yao pia, na hapo ndipo nilipokutana na Heinrich Mann na mdogo wake, Thomas.

Wote wawili walikuwa waandishi wa riwaya. Thomas alikuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Heinrich, mkubwa wake, alikuwa ameandika riwaya ya kumdhihaki mtu anayewanyenyekea wakubwa na kuwakanyaga wadogo, na watu wa namna hiyo hawakumsamehe. Hitler alipoingia madarakani Januari 1933, Heinrich alikimbilia Ufaransa mwezi uliofuata. Mei 10 mwaka huo vitabu vyake vilichomwa moto hadharani, na Agosti akavuliwa uraia. Thomas alikuwa safarini nje ya nchi, hakurudi, na mwaka 1936 naye akavuliwa uraia. Wakati wa vita, kuanzia 1940 hadi 1945, Thomas aliwahutubia Wajerumani kwa njia ya redio ya BBC akiwa Marekani, akiwaambia yale ambayo magazeti yao hayakuthubutu kuyasema. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Abdilatif, ambaye naye alisikika nyumbani kupitia redio hiyo hiyo kutoka ughaibuni.

Vita vilipokwisha, Wajerumani walianza ubishi ule ule wa ofisini kwetu. Mwaka 1945 mwandishi mmoja aliyebaki, Frank Thiess, alidai kwamba waliovumilia ndani ya nchi walipata mengi kuliko walioitazama misiba ya Ujerumani kutoka mbali kama watazamaji wa mchezo. Thomas Mann alijibu kwa ukali, akakataa kurudi kuishi huko, akafa Uswisi mwaka 1955. Nimeupima ubishi huo kwa miaka mingi, na naona kwamba pande zote mbili ziligombania nani aliumia zaidi. Lakini kuna watu ambao hawakutajwa sana katika ubishi huo, nao ndio walionifunza zaidi.

Katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia kuna mji mdogo uitwao Proseč. Sheria ya huko ilitaka kwamba mgeni anayeomba uraia awe kwanza na mji au kijiji kilichokubali kumhesabu kuwa mwenyeji wake. Heinrich Mann alijaribu mahali pengine kwanza, akapata upinzani. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Proseč, Rudolf Fleischmann, aliyekuwa katika baraza la mji, alipolipeleka jambo hilo mbele ya wenzake. Mwaka 1935 baraza likamkubali Heinrich. Mwaka 1936 likamkubali Thomas. Kwa njia hiyo wakapata uraia na hati za kusafiria. Tafakari, msomaji: mji ambao watu wengi duniani hawakuwahi kuusikia, jirani kabisa na dola ya Hitler, uliinua mikono kikaoni na kusema, huyu ni wetu. Mwaka 1939 majeshi ya Hitler yaliivamia nchi hiyo, na Fleischmann mwenyewe akawa mkimbizi.

Nilisoma habari hiyo mara tatu. Nilitazama nje ya dirisha, nikawaza: Oldonyo Sambu yetu ina vikao vingapi? Na ni lini tulimkubali mtu namna hiyo?

Kisha kuna Septemba 1940. Ufaransa ilikuwa imeshindwa vitani, na waliokimbilia huko walikuwa hatarini upya. Heinrich Mann, mzee wa miaka sitini na tisa, alivuka kwa miguu milima iliyoko kati ya Ufaransa na Hispania, akasaidiwa na vijana walioongoza wakimbizi, akafika Lisbon, akapanda meli kwenda Marekani. Katika mwezi huo huo na milima hiyo hiyo alipita pia mwanafalsafa Walter Benjamin. Alipofika Port Bou, upande wa Hispania, maofisa walimwambia kwamba atarudishwa. Usiku ule alijiua. Aliofuatana nao waliruhusiwa kuendelea na safari muda mfupi baadaye. Wanaume wawili, wote wamesema kweli, wote wamekimbia, wote wamekwea mlima. Tofauti haikuwa katika ushujaa wao. Ilikuwa katika nani aliyesimama mlangoni siku hiyo na alikuwa na amri gani mkononi.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ushujaa wa mkimbizi una mpaka, na mpaka huo ni kizingiti cha nyumba ya mtu mwingine. Akishafika hapo hawezi kujisaidia zaidi kwa maneno yake mazuri wala kwa vitabu vyake. Kuanzia pale, kinachopimwa si yeye tena. Ni mimi na wewe.

Najua utaniambia nini, kwa kuwa nimejiambia mwenyewe mara nyingi. Utasema: mlikuwa na mtoto, je, kama yule kijana angekuwa mhalifu? Na serikali zenyewe zilikuwa zikifanya nini? Ni kweli. Mwaka 1983 serikali zetu mbili zilipatana, na mpaka ukafunguliwa mwezi Novemba. Katika mapatano hayo Tanzania iliwarudisha Kenya askari waliokimbilia kwetu baada ya jaribio la 1982, na Kenya ikaturudishia watu wetu waliotuhumiwa kupanga njama ya mapinduzi huku. Hezekiah Ochuka, aliyeliongoza jaribio la Kenya, alinyongwa mwaka 1987. Sisemi kwamba askari aliyeshika bunduki ni sawa na mshairi aliyeshika kalamu. Nasema kwamba nchi iliyompokea mmoja mwaka 1972 ilimtoa mwingine mwaka 1983, na kwamba ikiwa serikali hubadilika hivyo, basi mwalimu mwenye mtoto mchanga ana haki ya kuogopa.

Nakubali. Hofu si dhambi. Wajumbe wa Proseč nao walikuwa na watoto, na adui wao alikuwa mkubwa kuliko balozi wa nyumba kumi. Kosa langu halikuwa kuogopa. Lilikuwa kuiachia hofu inijibie. Sikutakiwa kuwa shujaa. Ningeweza kumpa nauli. Ningeweza kumpeleka kwa mchungaji wa kanisa, au kwenda naye kwa yule balozi na kusema, huyu ni mgeni wangu, mwandike. Ningeweza walau kusema siku moja badala ya tatu. Kati ya ushujaa na kumfungia mtu mlango kuna hatua nyingi ndogo, na mimi sikupiga hata moja. Nilitaka ulimwengu uniandikie kuwa sikumdhuru. Kweli, sikumdhuru. Lakini Benjamin naye, maofisa wale wa Port Bou hawakumgusa kwa mkono.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Zamani nilidhani maana yake ni kwamba mgeni akija, wenyeji nao hupata kuchinja na kula vizuri. Sasa naisikia vingine. Mwenyeji ana ugonjwa wake ambao haujui mpaka mtu abishe hodi.

Yule kijana sikupata habari zake tena. Miaka ilipopita, nilikuwa nikienda Dar es Salaam kwa shughuli za walimu, natazama nyuso za watu wazima wenye lafudhi ya Nairobi, kama mtu anayetafuta mdeni wake, ilhali mdeni ni mimi. Watoto wangu wanaijua habari hii. Mke wangu huongeza sehemu moja ambayo mimi huwa nairuka: kwamba usiku ule, nilipokwisha kulala, aliamka akamfunika mgeni kwa blanketi la mtoto. Hakuniambia hadi mwaka wa kumi.

Sauti ya Dhiki ingali kwangu. Jalada limechakaa, na ukurasa wa kwanza una doa la moshi wa jikoni. Ikiwa aliyeniachia yu hai, na ikiwa kwa bahati kurasa hizi zitafika mikononi mwake, ajue kwamba nakitunza kitabu kile kama amana yake, wala sijakihesabu kuwa zawadi. Nyumba ni ile ile, kando ya barabara ile ile. Aje siku yoyote, hata usiku, na akae muda atakaopenda.